Kabla hujavituma vibonzo vya mzee Marekani vipewe gredi

MSOMAJI mpenzi, kwenu hakuna lile sanduku la bati? Lile lililo chini ya kitanda cha mzee, limejaa magazeti ya zamani na vitabu vya vibonzo ambavyo hakuna anayethubutu kuvitupa na hakuna anayevisoma? Ikiwa lipo, makala haya ni yako. Usimpe muuza njugu kurasa hizo afungie karanga, lakini pia usikimbilie posta kabla hujanisikiliza.

Kwetu lipo. Na majuzi nusura litugombanishe sisi watoto wa baba mmoja.

Marehemu baba alikuwa bawabu wa usiku katikati ya jiji. Mshahara wake ulikuwa wa kuhesabu, lakini kila mwisho wa mwezi alipita kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu wanaopanga bidhaa zao kando ya barabara, akanunua kimoja au viwili vya kumsaidia kukesha. Tulikuwa tukiishi Gatina, Kawangware, katika chumba ambacho mvua ikinyesha tulihamisha vitanda. Kwa hivyo sanduku lake alilihifadhi kwa dada yake huko Makina, Kibera, ambako paa halikuwa likivuja. Baba alituaga, sanduku likabaki kwa shangazi.

Shida ilianza kitinda mimba wetu aliposoma habari iliyowatikisa wakusanyaji wa vibonzo kote duniani. Ndugu watatu huko California, Marekani, walikuta nakala ya Superman nambari 1 ya mwaka 1939 ndani ya dari ya nyumba ya marehemu mama yao. Kitabu hicho kilichouzwa senti 10 kilipochapishwa kilipigwa mnada Novemba 2025 kwa dola 9.12 milioni. Hizo, msomaji, ni zaidi ya Sh1.1 bilioni.

Ndugu yangu yuko chuoni akisomea diploma, na alikuwa na deni la karo la Sh48,000. Alinijia simu mkononi. "Dada, tunaomba mikopo na mali tunayo? Tulitume sanduku lote Marekani, vitabu vipewe gredi, tuuze."

Shangazi aliposikia alikunja uso. "Mwanangu, baba yenu alivinunua ili asome. Sasa mnataka kuvifunga kwenye plastiki kama maiti ya kusafirishwa?"

Mimi nikaachiwa kazi ya kuamua, eti kwa kuwa mwandishi wa magazeti hujua kuchunguza. Basi nilichunguza, na niliyoyapata nakupa wewe bure.

Gredi ni kitu gani?

Wakusanyaji wa vibonzo wana tatizo moja kubwa. Anayeuza yuko Chicago, anayenunua yuko Tokyo, na pesa ni nyingi. Muuzaji akisema kitabu chake ni kizuri kama kipya, mnunuzi atajuaje? Hapo ndipo zilipojitokeza kampuni za kupima ubora. Unawatumia kitabu, wanakikagua, wanakipa alama, kisha wanakifunga ndani ya kasha gumu la plastiki lenye lebo na nambari yake. Kuanzia hapo hakisomwi tena. Hutazamwa jalada tu.

Alama hizo huanzia 0.5 hadi 10, na kuna ngazi 25 kati yake. Kitabu cha 9.8 ni kama kilitoka kiwandani jana. Cha 4.0 kimesomwa lakini kimetunzwa. Cha 0.5 ni gofu. Wakaguzi huhesabu kurasa, hutazama mikunjo ya mgongo, pini zilizoshika kutu, madoa, machozo, pembe zilizopinda, na majina yaliyoandikwa kwa kalamu. Hata rangi ya karatasi huandikwa kwenye lebo: kama bado ni nyeupe, imekuwa ya malai, au imekauka kiasi cha kuvunjika kama chapati ya juzi.

Kampuni ya kwanza kufanya kazi hii kwa kiwango kikubwa ni CGC, ya Florida, iliyoanza mwaka 2000. Ndiyo inayoaminiwa zaidi sokoni na ndiyo iliyokipa kile kitabu cha California alama ya 9.0. Lebo zake zina rangi, na kila rangi ina maana. Buluu ni kitabu cha kawaida. Manjano ni kilichotiwa sahihi na mchoraji au mwandishi. Zambarau ni kilichokarabatiwa, kwa mfano kuongezwa rangi au kuzibwa pengo. Kijani ni chenye kasoro maalumu ambayo lazima mnunuzi aambiwe.

Ya pili ni CBCS, iliyoanzishwa mwaka 2014 na Steve Borock, mtu ambaye awali alikuwa kiongozi wa CGC yenyewe. Baadaye ilinunuliwa na Beckett, kampuni ya Texas inayojulikana kwa kadi za wachezaji. Tofauti yake kubwa ilikuwa kwenye sahihi. Kwa miaka mingi CGC ilisisitiza kwamba mtu wake awepo na ashuhudie kwa macho sahihi ikitiwa. CBCS ilikubali kuchunguza hata sahihi ya zamani isiyo na shahidi. Kama mzee wako alitiliwa sahihi na mchoraji miaka ya nyuma, hiyo ni tofauti ya kufikiria.

Ya tatu ni PGX, iliyoko jimbo la Oregon. Wakusanyaji wengi hawaiamini kama hizo mbili, na kitabu kilichofungwa nayo mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko chenye alama iyo hiyo kutoka CGC. Kwa hivyo, msomaji, kinachonunuliwa hapa ni jina la aliyetoa alama, zaidi ya alama yenyewe.

Hata hao wakubwa hawakosi mikasa. Mwishoni mwa mwaka 2023 ilibainika kwamba kulikuwa na hila ya kubadilisha vitabu ndani ya makasha ya CGC: kitabu hafifu kinaingizwa mahali pa kizuri, lebo ya juu inabaki. Kampuni ililazimika kutangaza orodha ya vitabu vya kutiliwa shaka. Kikulacho ki nguoni mwako, hata nguo ikiwa ya plastiki.

Hesabu juu ya meza ya shangazi

Jumamosi moja nilitoka Kawangware kwa miguu, nikashuka Naivasha Road, nikafuata Ngong Road hadi Adams, nikaingia Kibera kupitia soko la Toi. Ndugu yangu alikuwa amefika. Tukalifungua sanduku.

Tulihesabu vitabu na magazeti 71. Kumi na kimoja vilikuwa vibonzo vya Marvel na DC vya miaka ya 1970, baadhi vikiwa na bei ya pensi, ishara kwamba vilichapishwa kwa ajili ya soko la Uingereza kabla ya kutufikia. Vilivyosalia vilikuwa vya kwetu, nami nitavirudia.

Tulianza na hivyo 11. Pini zilikuwa na kutu. Karatasi ilinuka moshi wa lile jiko la makaa ambalo baba aliotea usiku. Kimoja kilikuwa na jina lake kwa kalamu ya wino, herufi kubwa, juu ya kifua cha shujaa. Kingine alikigandisha mgongo kwa gundi ya unga wa ngano, na mende wakapata chakula. Ndugu yangu, ambaye anamwonea huruma kila mgonjwa, alikipa kizuri kuliko vyote alama 4. Mimi nilikipa 3.

Kisha tukapiga hesabu. Tuseme ada ni dola 30 kwa kila kitabu. Dola moja ilikuwa karibu Sh129 mwaka 2025, kwa hivyo kitabu kimoja ni Sh3,870. Vitabu 11 ni Sh42,570. Bado hujalipa posta ya kwenda, bima ya njiani, na posta ya kuvirudisha au mgao wa atakayekuuzia huko. Na vitabu vya kawaida vya miaka hiyo, vikiwa vimechoka namna hiyo, aghalabu huuzwa kwa dola chache tu kila kimoja.

Ndugu yangu aliitazama karatasi kwa muda. "Yaani tutalipa karo nyingine ili tujue hatuwezi kulipa karo?"

Naam. Hapo ndipo hesabu inapowaumiza wengi. Wale ndugu wa California hawakutajirika kwa sababu kitabu chao kilipewa gredi. Walitajirika kwa sababu kilikuwa toleo la kwanza la Superman, kilikuwa kimebaki nakala chache, na chao kilikuwa karibu kipya. Gredi ilikuja mwisho, kuthibitisha tu.

Kamera na fagia

Shangazi alikuwa akitusikiliza huku akikunja nguo. Amekuwa akiuza mitumba Toi tangu mimi nikiwa shule ya msingi. Kibanda chake kilikuwa miongoni mwa vilivyoharibiwa Januari 2008, soko lile lilipoteketezwa katika ghasia za baada ya uchaguzi, naye akaanza upya na robota moja ya kukopa.

"Hao Wazungu wenu wanafanya kazi yangu," alisema.

Nasi tukamwomba afafanue. Robota likifunguliwa Toi, alisema, macho yote huwa kwenye kamera, yaani zile nguo za kwanza, safi, kama mpya. Baada yake hufuata za katikati. Mwisho ni fagia, zile zinazorundikwa chini na kuuzwa kwa bei ya kutupa. Hakuna cheti. Kuna mkono, jicho na sifa ya muuzaji. Ukimuuzia mtu fagia ukamwambia ni kamera, kesho soko zima litajua.

"Gredi haiongezi nguo uzi hata mmoja," alisema shangazi. "Ni ya mteja asiyeweza kuigusa. Aliye mbele yangu ataipindua mwenyewe."

Mimi nimesoma makala mengi kuhusu kampuni hizi, msomaji, lakini sijakutana na maelezo yaliyo wazi kuliko hayo. Unalipa gredi ikiwa mambo matatu yamekutana: kitabu ni cha thamani kubwa, hali yake ni nzuri, na mnunuzi yuko mbali. Likikosekana moja, pesa zako zinaishia kwenye plastiki.

Na kuna jambo ambalo hata shangazi hakulitaja. Sisi watoto wa Kawangware miaka ya 1990 tulikuwa na gredi zetu za vibonzo. Tulibadilishana kila Jumamosi, na masharti yalijulikana. Kitabu kisicho na jalada kilikubalika. Kilichotafunwa pembe na panya kilikubalika. Lakini kilichokosa ukurasa wa mwisho kilikuwa cha chini kabisa, na ilikulazimu utoe viwili vya namna hiyo upewe kimoja kizima. Kwani utalalaje bila kujua kama shujaa aliokoka?

Kwa mkaguzi wa Florida, kitabu kisicho na jalada huangukia chini kabisa. Kwetu kilisafiri nyumba kumi. Yeye anapima karatasi. Sisi tulipima hadithi. Hakuna aliyekosea, ila usitumie mizani ya mmoja kupimia mali ya mwingine.

Vile ambavyo havina bei

Sasa nirudi kwa vile 60 vya kwetu, maana hapo ndipo moyo wangu ulipo.

Kulikuwa na matoleo ya African Film, lile gazeti la hadithi za picha kutoka Drum Publications, ambamo Lance Spearman, kofia kichwani na biri mdomoni, alipambana na wahalifu na kuwasisimua vijana wa Afrika Mashariki na Magharibi miaka ya 1960 na mapema ya 1970. Kulikuwa na Joe, gazeti lililoanzishwa Nairobi mwaka 1973 na Hilary Ng'weno na Terry Hirst, likadumu hadi 1979. Humo alikuwamo Daddy Wasiwasi wa Hirst, na maisha ya jijini yaliyochorwa na Edward Gitau, yule yule aliyetuletea Juha Kalulu. Kulikuwa na vijitabu viwili vya Pichadithi, mfululizo wa Hirst wa miaka ya 1980 uliochora ngano zetu kama ile ya Lwanda Magere.

Na kulikuwa na daftari la shule ambalo baba alibandika vipande vya Juha Kalulu alivyokata kutoka Taifa Leo, ukurasa kwa ukurasa, mwaka kwa mwaka.

Je, kampuni za Marekani zinaweza kufunga Joe kwenye kasha? CGC hupokea hata magazeti, si vitabu vya vibonzo pekee. Lakini gredi hupata nguvu palipo na soko. Huko wana vitabu vya bei, kikiwamo cha Overstreet kilichoanza mwaka 1970, na rekodi za minada ya kila wiki. Mnunuzi wa Dallas anajua nakala ngapi za Superman zimesalia. Hamjui Daddy Wasiwasi. Alama ya 6.0 juu ya toleo la Joe itamwambia tu kwamba karatasi ni nzuri kiasi.

Daftari la Juha Kalulu ndilo lililonichoma zaidi. Kwa sheria za gredi si kitu kabisa. Ni vipande vilivyokatwa, vilivyobandikwa kwa gundi ya unga. Kumbe kwa yeyote atakayetaka siku moja kuandika historia ya kicheko cha Mkenya, daftari kama hilo lina thamani kuliko makasha 100 ya plastiki.

Magwiji hao wanatuacha mmoja baada ya mwingine. Frank Odoi, Mghana aliyeifanya Nairobi kwao na kutuchorea Akokhan, alifariki katika ajali ya matatu mwaka 2012. Terry Hirst alitutoka 2015. Ng'weno akafuata 2021. Kazi zao hazikuchapwa kwenye karatasi ya kudumu. Zilichapwa zisomwe wiki hiyo, na leo nyingi ziko kwenye masanduku kama la baba, katika mitaa ambako moto na mafuriko havipigi hodi.

Nanyi wanafunzi msidhani haya ni ya wazee. Shujaaz, kile kitabu cha vibonzo cha Sheng, kilianza Februari 2010 kikigawiwa bure pamoja na gazeti la Jumamosi na kwenye vibanda vya M-Pesa. Kazi hiyo ilishinda tuzo ya kimataifa ya Emmy. Niambie, msomaji, toleo la kwanza unalo? Jirani yako analo? Kilichogawiwa bure kwa malaki ndicho huisha upesi, maana kila mtu hudhani mwenzake amekiweka.

Tulivyoamua

Hatukutuma kitu Marekani. Kitabu kimoja cha Marvel, kile nilichokipa 3, tulimuuzia mkusanyaji wa papa hapa Nairobi. Alikuja Toi, akakishika, akakipekua, akanusa moshi akacheka, akatoa Sh2,500. Deni la karo lilimalizwa na mkopo kutoka chama cha shangazi, na ndugu yangu anaulipa kwa kumsaidia kibandani kila Jumamosi. Ameanza kutofautisha kamera na fagia gizani.

Vile vya kwetu havitauzwa. Tumevipiga picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, na tumekubaliana nakala za daftari la Juha Kalulu zipelekwe maktaba, watoto wa Kibera wacheke wanavyotaka.

Nawe ukilifungua sanduku la kwenu, sikiliza machache haya. Usibandike selotepu mahali palipochanika, wala gundi. Ukarabati wa nyumbani huharibu zaidi kuliko chozo lenyewe. Vilaze vitabu, usivisimamishe bila kitu cha kuvishikilia. Viweke mbali na jiko, na mbali na ukuta wenye unyevu. Usivifunge ndani ya karatasi ya nailoni inayotoa jasho. Ukikuta kitu unachodhani ni cha mamilioni, kwanza tafuta kiliuzwa kwa kiasi gani kikiwa na hali kama ya chako, si hali ya kile cha California. Ukiona bei inazidi ada mara kadhaa, hapo fikiria gredi, na uchague kampuni ambayo mnunuzi wako anaiamini.

Lakini kabla ya yote, chukua daftari. Andika jina la kila kitabu, nambari yake, mwaka wake, na nani alikinunua. Andika hata vile visivyo na jalada. Kisha wasomee watoto kimoja, hadi ukurasa wa mwisho kama upo.

Mali bila daftari, walisema wahenga, hupotea bila habari.